Mbili, Alisema Bi Zainabo

Muaija aliponiona bandarini Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, mwezi uliopita, hakunitazama usoni kwanza. Alitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika stakabadhi ya mzigo, maboksi manne ya karatasi za fotokopi yaliyokuja kwa boti kutoka Pemba ya hukuhuku kwetu, na simu yangu ilikuwa ndani ya pochi. Alipohakikisha kwamba sina kitu cha kumwandikia mtu, ndipo akanyanyua macho, akasema, "Anchia. Umenenepa." Nikasema, "Shikamoo, dada Muaija." Aliitikia kwa sauti ya mtu anayepokea kitu ambacho hakukiagiza, halafu akanionyesha benchi kwa kidevu. Anauza chakula pale, wali na samaki wa kukaanga, kwa wapakuzi wa bandari. Akasema nile kwanza, maboksi hayana miguu. Nikakaa. Ilikuwa miaka mitatu tangu tuonane, na ndani ya miaka hiyo haikupita wiki bila mimi kuwaza kwamba siku moja nitakaa mbele yake aniulize swali moja. Niliosha mikono mara mbili. Yeye alikuwa anakata nyanya, na sikuweza kujua kama ananikaribisha au ananiwekea kizuizi nisiondoke.

Kuhusu maisha yangu kabla ya mwaka ule hakuna kikubwa cha kueleza. Nilikuwa na miaka ishirini, tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi Palma, mji wetu, baada ya kukimbia wapiganaji wa msituni, na nyumba nyingi zilikuwa na mabati yenye matundu, nyingine hazina mabati kabisa. Shule niliiacha njiani. Kireno nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, maelekezo ya jenereta, na kitabu kimoja cha sarufi kilichokuwa kimepoteza jalada na kurasa za mwisho, ndiyo maana mpaka leo kuna nyakati za vitenzi ambazo nazikwepa. Nina tabia moja ambayo sitaificha: sivumilii kosa. Nikikosea herufi moja nachana ukurasa mzima. Nikifunga mlango navuta kitasa mara tatu, na nikifika njiani nasimama kujiuliza kama nilivuta tatu au mbili. Mradi wa afya ulipokuja kutafuta vijana wanaosoma Kireno na kuongea na wazee kwa lugha zao, nilijibu mtihani kwa mwandiko ulionyooka hata msimamizi akaniuliza kama nilitumia rula. Nilitumia rula. Wakanipa simu, begi la buluu na wagonjwa tisa.

Walikuwa wagonjwa ambao hospitali ilishasema hawatapona, wamerudishwa nyumbani wamalizie siku zao kwa watu wao. Nilitakiwa kupita kila nyumba, siku moja ndiyo siku moja hapana, na kuuliza maswali kumi yaliyokuwa ndani ya simu. Amekula? Amelala? Amepata choo? Lakini swali la kwanza lilikuwa maumivu, kuanzia sifuri, yaani hakuna, mpaka kumi, yaani hayavumiliki. Majibu yalikwenda kwa enfermeira Graça, muuguzi aliyekaa hospitali ya wilaya na simu yake. Namba ikiwa ndogo, skrini yangu iligeuka kijani. Ikiwa ya kati, njano. Ikiwa saba kwenda juu, nyekundu, na hapo enfermeira alipiga simu nyumbani kwa mgonjwa muda huohuo, akaongeza kipimo cha mofini, ile dawa ya maji ya maumivu iliyotolewa ndani ya chupa ya kahawia. Mgonjwa habebwi, hapandishwi gari, hapiti kizuizi cha askari. Maumivu yake yanapanda kwa simu na nafuu yake inashuka kwa simu. Ilikuwa njia nzuri. Mara nyingi nimetafuta ndani yake kosa ambalo si langu, sijalipata.

Ila watu hawakuiamini, na walikuwa na sababu. Simu ile ilijua nyumba ilipo bila kuambiwa. Swali moja liliuliza watu wangapi wanalala hapo, na mwaka ule hapakuwa na mtu Palma aliyejibu swali hilo bila kufikiri kwanza nani anasikiliza. Siku moja nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wa bomba la maji, nafunga kamba ya kiatu, nikawasikia wanawake wawili. "Yule mtoto anahesabu watu," mmoja alisema. "Anayehesabu watu ana bwana wake." Mwenzake akauliza bwana wake nani. "Wa msituni au wa kambini, we unaona tofauti?" Wakacheka kicheko kifupi, wakajitwisha ndoo. Nilibaki nimeinama na kamba mkononi. Na mimi niliwashuku wao: niliporudi nyumbani niliandika majina yao kwenye daftari, halafu nikaona nilichokuwa nafanya, nikachana.

Dawa ya shuku, niliamua, ni kuonyesha kila kitu. Kuanzia wiki ile, nikishabonyeza jibu la mwisho niligeuza simu, nikawaonyesha wenye nyumba rangi. "Mnaona? Kijani. Maana yake enfermeira ameona hali ni nzuri. Hii nyingine ni njano. Hii nyekundu ni mbaya." Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Nilijiona mwerevu. Na kwa kweli watu walianza kunipa kigoda, wakanipa maji. Mzee Selemane alikuwa wa kwanza kugeuka nyekundu. Enfermeira alipiga simu, dawa ikaongezwa, na Ijumaa ile akazikwa. Halafu mama mmoja wa karibu na soko, nyekundu siku ya Jumanne, Alhamisi hayupo. Halafu wawili wengine. Wagonjwa wangu walikuwa watu wa kufa, wote, na maumivu huzidi karibu na mwisho. Kwangu mimi hilo lilikuwa wazi sana hata sikuona haja ya kulisema. Kilichotokea ni kwamba baada ya wale wanne, namba zikaanza kushuka. Watu wakawa wanajibu moja, mbili, mbili, sifuri. Orodha yangu yote ikawa kijani, na msimamizi akaninyanyulia kidole gumba mbele ya wenzangu. Nilifurahi. Naandika hili huku nikiona haya: niliitazama ile orodha ya kijani kama mtu anavyotazama sakafu aliyoifagia mwenyewe, na sikutaka mtu apite juu yake.

Bi Zainabo alikuwa mgonjwa wangu wa sita. Alikuwa Mmakua, mwanamke mrefu aliyewahi kupika chakula cha vibarua nje ya uzio wa mradi wa gesi wa Afungi kabla hatujakimbia, na ugonjwa ulikuwa umeanzia kwenye titi ukaingia mgongoni. Alilala chumba cha mbele, kwenye kitanda cha kamba, na mchana alishushwa mkekani ili akae karibu na mlango apate hewa. Chumba kilikuwa na harufu ya karafuu na ya dawa ya kidonda. Ukutani palikuwa na misumari mitatu: mmoja umebeba tasbihi, mmoja kapulana, yaani kanga, zake mbili za kutokea, na mmoja chupa ya mofini ndani ya mfuko, juu kabisa, mahali ambapo ni Muaija pekee aliyefikia. Muaija ndiye binti yake, ndiye aliyemuuguza. Nilikuwa nikifika saa tatu asubuhi, namkuta amempikia mama yake uji wa mchele na nazi, ameuweka kwenye bakuli lenye maua. Naketi mkekani, simu juu ya goti, nauliza. "Bibi, leo maumivu ni mangapi?" Bi Zainabo alinitazama kwa adabu kubwa, akasema, "Mbili, mwanangu. Alhamdulillahi." Nabonyeza mbili. Nageuza skrini. Muaija anaona kijani, mabega yake yanashuka.

Ilichukua siku nyingi mno, lakini hatimaye nikaona mkeka. Kwenye ukingo ulioegemea ukuta, upande wa mkono wa kulia wa Bi Zainabo, miyaa ilikuwa imenyofolewa. Mara ya kwanza lilikuwa pengo la kiganja. Wiki iliyofuata lilikuwa limefika kiwiko. Mtu mwenye mbili hachimbui mkeka. Halafu nikatazama uji: kila safari utando uleule juu yake, kijiko hakijaingia. Halafu pindo la kapulana aliyovaa, limetafunwa mpaka nyuzi zinaning'inia. Sasa hapa ndipo akili yangu ilipokwenda mahali pabaya. Sikushuku namba. Namba nilikuwa nimeiandika mimi, na ilikuwa kijani. Nilishuku chupa. Dawa ilikuwa inapungua kama ilivyopangwa, mgonjwa anateseka, basi dawa haiingii kwa mgonjwa. Nilimtazama Muaija, macho yake mazito, mikono yake isiyotulia, nikasema moyoni: anainywa, au anaiuza. Alikuwa halali kwa sababu ya kuuguza, na mimi niliyaona macho yale nikayafanya ushahidi.

Nilifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nafumba macho. Muaija alipotoka kwenda kuchota maji, nilipanda juu ya kigoda, nikashusha chupa, nikachora mstari mwembamba kwa kalamu pembeni ya karatasi yake, usawa wa dawa. Nikairudisha. Bi Zainabo alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala.

Safari iliyofuata Muaija alinipokea amesimama mlangoni, chupa mkononi. "Hii alama ni ya nani?"

Sikuweza kusema uongo. "Yangu, dada."

"Ya kupima nini?"

"Ni utaratibu..."

"Utaratibu wa nani? Enfermeira amekutuma?"

"Hapana."

"Kwa hiyo unaona nakunywa dawa ya mama yangu." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Mimi nakufungulia mlango wewe na hiyo simu yako, majirani wananicheka, wananiambia nimemkaribisha askari ndani. Nakuwekea kigoda. Na wewe unanichorea mstari." Kutoka ndani sauti ya Bi Zainabo ikasema, "Muaija, mwache mtoto wa watu aingie. Kaja na jua hili." Muaija akatangulia kuingia, nami nikafuata, na tangu siku ile kigoda hakikutoka tena. Nilijibiwa maswali nikiwa nimesimama. Mbili. Kijani. Kwaheri.

Nilitaka kuomba msamaha lakini nilitaka kuuomba vizuri, kwa maneno yasiyo na kasoro, na nilipokuwa nayaandika na kuyafuta siku zilipita. Hivi ndivyo nilivyo. Siku ya nne au ya tano nilifika, nikamkuta Muaija anambadilisha mama yake kitambaa cha kidonda. Akaniambia bila kugeuka, "Kakae jikoni mpaka niite." Kabla ya mstari ule ningengoja palepale mlangoni. Jikoni kwao kulikuwa kibanda kilichoegemezwa kwenye ukuta wa chumba cha mbele, na kati ya ukuta na paa palikuwa na upenyo wa kupitisha moshi. Nikakaa kwenye gogo, kando ya chungu cha matapa, yaani kisamvu, ya jana na kinu kilicholazwa chini. Nikamsikia Muaija akimaliza, akitoka kwa mlango wa nyuma na beseni la nguo, akielekea kisimani. Na muda mfupi baadaye nikasikia mtu mwingine kwenye mlango wa mbele.

"Hodi! Hodi nyumba ya mzoga! Bado hujafa tu?"

Nilishtuka, nikashika gogo. Lakini Bi Zainabo akacheka, na nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

"Karibu, mla panya. Nani amekufungulia zizi?"

"Nimetoka Mute na hivi viguu vyangu nije kula ubwabwa wa matanga, nakukuta unapumua! Huna haya? Watu wenye kazi zao umewasumbua."

"Keti basi. Si huko, huko kuna kuku wangu, wewe nakujua."

"Kuku yupi? Yule? Yule amekonda kukushinda. Mfe pamoja, tuchimbe shimo moja."

Nikatambua ni Veronika. Nilikuwa nimemsikia akitajwa: Mmakonde, mkulima wa kijiji cha Mute, Mkristo, aliyepika pamoja na Bi Zainabo pale nje ya uzio, huyu shima, yaani ugali, huyu mchuzi. Walikuwa watani, kama makabila yao yalivyo watani tangu zamani, na mtani ana ruhusa ya kusema kile ambacho ndugu hawezi, na anayeambiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mtani hutukana mgonjwa, hutania maiti, hulala ndani ya kaburi na kudai kilemba chake kabla hajaruhusu mtu azikwe. Nilijua haya yote tangu utotoni, kama anavyoyajua kila mtu kwetu. Sikuwahi kufikiri yana uhusiano wowote na kazi yangu.

"Haya, mzoga," Veronika akasema, na sauti yake ikashuka kidogo. "Panauma wapi?"

"Niulize pasipouma, nitakujibu haraka."

"Mgongo?"

"Mgongo kama mtu ananitwanga akiniacha katikati. Nikilalia huku, yanahamia kule. Alfajiri ndiyo naona moto wenyewe. Nauma nguo Muaija asisikie, yule mtoto naye atakufa kabla yangu."

"Na dawa?"

"Ananipa kwa saa, kama adhana. Hapunguzi tone, haongezi tone. Inanishika kidogo, halafu inaniachia."

"Huyo mtoto wa simu unamwambiaje?"

"Namwambia mbili."

"Mbili nini? Mihogo miwili?"

"Mbili ya kumi, mshamba wewe."

"Loo! Wamakua! Hata kaburini mtamdanganya malaika. Kwa nini usimwambie kweli, aongeze dawa?"

Nilisikia miyaa ikikwanyuka. "Kila aliyewekwa nyekundu mle amezikwa," Bi Zainabo akasema. "Selemane, nyekundu, Ijumaa kazikwa. Yule wa sokoni, nyekundu, siku mbili. Mtoto mwenyewe ametuonyesha, nyekundu ni mbaya. Mimi si mjinga. Nataka niione Ramadhani, na Muaija asiishi akijua kuna kitu kiliniandika kufa nyumbani mwake. Basi nasema mbili."

"Na mimi ukiniambia je? Mimi sina simu, nina panya."

"Wewe? Tisa. Alfajiri kumi. Na kama kuna kumi na moja, niwekee."

Siku ishirini na kitu nilikuwa nimempelekea enfermeira mbili ya huyu mwanamke. Kipimo cha dawa kilibaki kidogo kwa sababu namba ilikuwa ndogo, na namba ilikuwa ndogo kwa sababu yangu, si kwa sababu ya binti aliyekuwa kisimani anafua vitambaa vyenye usaha. Nilitoa simu. Nilibonyeza tisa. Simu ikauliza nani amejibu: mgonjwa mwenyewe, mwangalizi wake, au mimi kwa kutazama. Niliweka mgonjwa mwenyewe. Skrini ikawa nyekundu jikoni mle, nikaifunika kwa kiganja.

Muaija alikuwa amerudi na anaanika nguo simu yake ilipolia. Nilimsikia akisema "Sim, enfermeira", yaani ndiyo, mara nyingi, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Alipoingia ndani nami nilikuwa nimefika mlangoni. Macho yake yalipita juu yangu kama vile mimi ni sehemu ya mlango, kwa sababu mimi alikuwa ameniweka jikoni, na chumbani alikuwa amemkuta mtu mmoja tu.

"Umemwambia nini huyu mtoto?" akamuuliza Veronika. "Enfermeira ameniambia mama ni tisa. Mama hajawahi kusema tisa. Ulikuwa naye wewe. Umetoka ukamwambia."

Veronika alinitazama. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chale za zamani usoni, miguu imejaa vumbi la barabara. Alitazama simu mkononi mwangu, akatazama upenyo juu ya ukuta, na nikaona kwamba amejua. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: ni mimi. Nilianza kuyapanga.

"Ndiyo, mimi," Veronika akasema. "Utanifanya nini? Mimi mtani wake. Nimemuuza mzoga wenu, nimepewa panya wawili."

"Utani una mwisho," Muaija akasema. "Umemwandikisha mama yangu nyekundu. Toka. Usirudi hapa, hata kwa matanga usirudi."

Hakuna anayemfukuza mtani. Veronika mwenyewe hakuamini. Alitabasamu kwanza, akingoja utani umalizike, halafu tabasamu likabaki halina pa kwenda. Akajifunga kapulana yake vizuri, akamwambia Bi Zainabo, "Haya, usife kabla sijarudi kukucheka," akatoka. Mimi nilisimama pale na sentensi yangu ya maneno mawili.

Kipimo kipya Muaija hakukitoa mara moja. Alishusha chupa, akaishika, akaitazama, na alama yangu ya kalamu ilikuwa bado ipo pembeni. Alikuwa anaogopa chupa, simu, mimi, enfermeira, wote pamoja. Ni Bi Zainabo aliyenyoosha mkono. "Nipe," akasema. "Nimeshaandikwa. Nifiche nini tena?"

Nimejiuliza mara nyingi kama nina haki ya kuandika kilichofuata kama jambo zuri. Siku ya pili alilala mpaka jua likapanda. Siku ya tatu niliposimama mlangoni, bakuli la maua lilikuwa na kijiko ndani yake na uji umefika nusu. Aliomba pweza, Muaija akampikia kwa nazi, akala vipande vinne huku akilalamika kwamba hakupondwa vya kutosha. Nilipouliza swali langu alisema "Tatu," na safari hii mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya mkeka, wazi, hautafuti kitu. Muaija hakunirudishia kigoda. Alinitazama kila dakika niliyokuwa pale, na kila jioni, nilikuja kuambiwa na jirani, alihesabu siku tangu ile nyekundu, kama mtu anayengojea mdai. Bi Zainabo aliiona Ramadhani. Alifariki siku ya nne ya mfungo, mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti yake, bila kuuma nguo.

Mtaa ulisema ulichokuwa umekisema tangu mwanzo. Nyekundu, na amezikwa. Zile siku kumi na mbili za katikati hapakuwa na mtu wa kuzihesabu ila mimi na Muaija. Mazishi yake yalikuwa makavu. Veronika alikuja kutoka Mute na Wamakonde wenzake wawili, wakasimama ng'ambo ya barabara, hawakuingia. Hakuna aliyezuia jeneza, hakuna aliyedai kilemba, hakuna aliyemwita marehemu mzoga. Watu walishangaa, wazee wakaulizana watani wako wapi. Nilikuwa nimeketi na wanawake, nikiwa nimevaa buibui la kuazima, hatua kama kumi kutoka kwa Muaija, na nilijua jibu. Niliendelea kulipanga. Miezi michache baadaye niliirudisha simu ya mradi, chaji asilimia mia moja, kioo nimekifuta.

Haya yote nilikuwa nayafikiria kwenye benchi lile la bandarini, nikichambua miiba ya samaki nisiyeweza kumeza. Wapakuzi walikuwa wamekula na kuondoka. Muaija alikaa upande wa pili wa meza, akafuta mikono kwenye kapulana yake, akauliza kile nilichojua atauliza.

"Yule Mmakonde alikwambia lini? Maana nimefikiri sana. Hakutoka chumbani. Nilipoingia alikuwa bado ameketi."

Safari hii sikupanga. "Hakuniambia kitu, dada. Nilikuwa jikoni. Uliniweka wewe. Nikawasikia kupitia juu ya ukuta."

"Ulimsikia mama."

"Kila neno."

"Akisema tisa."

"Akisema tisa, na alfajiri kumi. Na akisema wewe hupunguzi tone. Na nilimwacha Veronika afukuzwe."

Alitazama pembeni, kule ambako vijana walikuwa wanapakua saruji. Nilidhani atanifukuza na mimi, na nilikuwa nimeshashika pochi. Nzi wakarudi kwenye sahani.

"Siku zote zile kabla," akasema, "ulikuwa unakaa wapi?"

"Mkekani. Mbele yake."

"Na simu."

"Na simu."

"Ungekaa jikoni tangu siku ya kwanza," Muaija akasema.

Akainuka, akamwaga maji ya kunawia, akarudi na simu yake. Akauliza kama najua alipo yule mla panya, na mimi nikasema bado yuko Mute, analima, namba yake ninayo. Nikamsomea. Akanitaka niirudie, tarakimu moja moja, huku ameinama juu ya skrini yangu anaitazama mwenyewe, asije akaandikishwa kitu ambacho hakukisema.